Mshindi na Aombe Radhi

Nyumba ya Mme Malineo, yaani Mama Malineo kwa Kisotho, haitazami barabara. Mbele yake kuna nyumba, nyuma yake kuna nyumba, kushoto na kulia kuna nyumba, na ili ufike kwetu sharti upite uchochoro mrefu kati ya kuta mbili, upana wake gari moja tu. Nilipokuja kupanga chumba niliupenda uchochoro ule, nikauita utulivu. Mwaka huu nilijifunza kwamba ni koo, na koo hukabwa.

Aliyelishika koo letu anaitwa Bra Solly, yaani Kaka Solly. Alianza na nyumba ya mbele, wakati wa baridi. Vijana wake waliingia, wakawaambia wapangaji kwamba kuanzia leo kodi ni ya Bra Solly, na waliobisha walikuta magodoro yao barabarani. Kisha ikafuata nyumba ya kushoto, kisha ya nyuma. Mwenye nyumba ya kulia aliyaona yanayokuja, akafunga virago mwenyewe kwenda kukaa kwa binti yake kule Turffontein, na vumbi la gari lake lilikuwa halijatua vijana wakawa wameketi barazani pake. Bra Solly hakuwa na hati ya hata tofali moja. Alikuwa na watu. Na La Rochelle, mtaa wetu huu wa Johannesburg, imejaa watu kama sisi, wa Kongo na wa Tanzania, ambao makaratasi yao yana kasoro hii au ile, na ambao wakiona sare ya polisi huvuka barabara. Alilijua hilo kuliko tulivyojijua wenyewe.

Tukabaki sisi katikati, kama mbegu mdomoni mwa mtu ambaye bado hajaamua kutafuna au kutema.

Sisi ni Mme Malineo mwenyewe, Msotho mjane, ambaye nyumba ni yake kwa haki. Ni Papa Pitchou, fundi cherehani wa Bukavu, chumba cha kwanza. Ni vijana wawili wa Lubumbashi wanaofanya kazi ya ulinzi kule Sandton, chumba cha pili. Na ni mimi, Bakiri, fundi simu, mtu wa Tanga, pamoja na mke wangu Tabia. Wiki ile Tabia alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Mshono ulikuwa mbichi. Na hata kama usingekuwepo, kwetu mzazi havuki kizingiti mpaka arobaini yake iishe. Mama yake alikuwa akipiga simu kutoka Tanga kila siku kuhakikisha. Kwa hiyo wengine wangeweza kukimbia. Mimi sikuwa na pa kukimbilia.

Ijumaa alasiri kijana mmoja wa Bra Solly alikuja mpaka getini kwetu, akagonga kistaarabu, akasema Jumapili watakuja kuhesabu vyumba. Jumapili hawakuichagua bure. Wakongo wa mtaa wetu wakiingia kanisani asubuhi hutoka jua linazama, na nyumba nyingi za huku zimechukuliwa wenyewe wakiwa wanaimba haleluya. Mme Malineo alikwenda polisi kufungua kesi, akarudi na namba ya kesi. Sote tuliitazama ile namba. Lakini namba haisimami getini.

Nilimweleza Tabia. Alimfunika mtoto vizuri zaidi, na chumba kilikuwa na joto.

Tulikutana jikoni kwa Mme Malineo. Nje bati lililia kidogo, sote tukanyamaza mpaka tukahakikisha ni paka. Papa Pitchou alitaka tuhame kesho yake, kila mtu na alichoweza kubeba.

"Petit, mdogo wangu," aliniambia, "mimi nimekimbia vita mara mbili. Kukimbia si aibu. Ni kazi kama kazi nyingine."

"Na mke wangu nimbebe kama cherehani?"

Hapo ndipo Mme Malineo alipoanza kusema. Yeye huzungumza nasi Kizulu cha mjini, Kisotho kikimponyoka akipandwa na hasira. Siku ile hakuwa na hasira. Alisema yeye amezaliwa Lesotho, upande wa Mafeteng, akaja Johannesburg kumfuata mume aliyechimba dhahabu. Nchi yake ni ndogo, imezungukwa pande zote na nchi hii moja kubwa, haina bahari, haina mlango wa nyuma, na bado haijamezwa. Akatuhadithia mfalme Moshoeshoe, aliyewapandisha watu wake juu ya mlima wenye kilele bapa, Thaba Bosiu, mlima wenye njia chache nyembamba, akarundika mawe juu ya kila njia. Jeshi lije na wingi wowote, katika njia nyembamba hupanda wachache wachache, na jiwe halijali wingi.

Alikuwa na mengine ya kusema. Mimi nilisikia mawe tu, nikasimama.

Jumamosi tulikusanya matofali yaliyovunjika nyuma ya choo, tukayapandisha juu ya bati la banda la kufulia, ambalo linatazama uchochoro. Pikapu ya marehemu mume wa Mme Malineo, ambayo haijawaka tangu azikwe, tulipanga kuisukuma na kuikingamisha mahali uchochoro unapoingia uani. Wale vijana wa Lubumbashi walikubali kutokwenda kanisani. Papa Pitchou naye hakwenda, ingawa hakuahidi chochote.

Siku hiyo hiyo waliletwa mbuzi wawili wa akika, maana Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya saba ya mtoto. Uani waliingilia spinachi ya Mme Malineo, akawafukuza kwa ufagio, nikaenda kuwafunga uchochoroni. Asubuhi ya Jumapili tulipoikingamisha ile pikapu kwa haraka, hakuna aliyekumbuka kwamba mbuzi wamebaki upande wa nje.

Walikuja barabara ikiwa tupu. Nilikuwa juu ya bati nimelala kifudifudi, na kabla sijawaona niliwasikia, viatu vingi, hakuna anayeongea. Watu wanaokuja kugombana hupiga kelele. Hawa walikuwa kimya kama mafundi waliokuja kazini. Bra Solly alitangulia, mtu mnene wa makamo, amevaa viatu vyeupe vya kanisani. Walipofika kwenye pikapu wakasimama, na walio nyuma wakaendelea kuja, wakabanana.

Nikarusha la kwanza. Sitasema nilikuwa shujaa. Nilirusha kwa sababu vidole vyangu havikuweza tena kulishika. Kisha yakafuata mengine, yangu na ya wale vijana wa Lubumbashi, na mle uchochoroni hapakuwa na pa kukwepea. Mtu mmoja alishika mkono wake akapiga ukelele ambao bado nausikia. Mwingine alipanda boneti, na Papa Pitchou, yule yule wa kukimbia, alimsukuma chini kwa mti wa kupimia vitambaa. Wakageuka. Waligeuka wote kwa pamoja, wakakanyagana, na Bra Solly, aliyekuwa wa kwanza kuingia, akawa wa mwisho kutoka, kiatu chake kimoja cheupe kimebaki katikati ya uchochoro. Walipokuwa wakitoka walikata kamba za mbuzi wangu, wakaondoka nao.

Majirani wasiokwenda kanisani, Wakongo na wengine, walitokeza madirishani. Mtu mmoja akacheka. Kisha mtaa mzima ukacheka, miezi mingi ya woga ikitoka kwa mkupuo. Nami damu ikiwa bado inachemka, nikasimama juu ya lile bati nikawatungia:

*Solly alikuja mbio, karudi mbio zaidi,*
*Kiatu kimoja kwake, kimoja chetu zawadi.*

Iliruka kutoka ua hadi ua. Wakongo wakaipa sauti ya kwaya, watoto wakaipiga makofi, na waliotoka kanisani mapema waliipokea kwenye kona. Nilijiona mrefu kuliko nyumba.

Mme Malineo alikuwa amesimama chini, hakucheka. Aliniashiria nishuke.

"Nani amekuambia uimbe?" aliuliza.

"Mme, tumeshinda."

"Najua. Ndiyo maana naogopa."

Akanikalisha kwenye ngazi ya jikoni na kunimalizia ile hadithi niliyoikatiza. Kulikuwa na jenerali wa Waingereza, alisema, aliyekuja na jeshi kudai ng'ombe. Wakapigana kwenye nyanda za juu za Berea, na wapanda farasi wa Kisotho wakamrudisha nyuma. Jenerali alirudi kambini akiwa na ng'ombe kiasi alioteka, na aibu. Mfalme angeweza kufanya karamu. Badala yake alimwandikia barua kabla hapajapambazuka: umetupiga, umechukua ng'ombe wengi, adhabu yako imetosha, nakuomba amani. Jenerali akaidaka ile barua kama mtu anayezama aliyetupiwa kamba. Akaenda zake, akawaambia wakubwa wake kwamba ameshinda.

"Sasa nani alishinda?" niliuliza kwa ukali.

"Nani yuko mlimani mpaka leo?"

Alisema baadaye walikuja Makaburu, wakachukua mashamba mazuri ng'ambo ya mto, na mfalme akamwomba malkia wa mbali, wa Waingereza wale wale, awafunike kwa blanketi lake. Mashamba hayakurudi. Mlima ukabaki. Wazungu walipounda nchi moja kubwa, wakaitaka na ile ndogo iingie, watu wake walikataa, wakaendelea kukataa mpaka wakapata bendera yao. "Tuliinama mara nyingi, ngoanaka," alisema, yaani mwanangu. "Hatukulala chini."

Kisha akaniambia la kwangu. Mtu aliyeshindwa kuchukua nyumba anaweza kurudi kuichukua. Mtu aliyechekwa ni lazima arudi, na harudi na matofali, hurudi na bunduki au petroli. Lakini mtu aliyekwisha kutangaza kwamba ameadhibu, huyo hawezi kurudi, maana akirudi watu watauliza, kwani ile adhabu ya kwanza haikuingia? Kwa hiyo nilipaswa kwenda kwake leo, kabla hajala, nimwambie ametupiga. Mbuzi ndio ng'ombe wake.

"Mbuzi wa mwanangu?"

"Mbuzi wa mwanao."

Papa Pitchou, kwa adabu zake, alikuwa amekiokota kile kiatu na kukipangusa, akashauri nikirudishe. Mme Malineo alimtazama kana kwamba ameleta nyoka mezani. Kiatu hicho hakijawahi kuwepo, alisema, na akakichukua kwenda kukizika chini ya spinachi kwa mikono yake.

Nilikataa. Nilisema ni afadhali kufa. Nilisema mengi, kwa sauti ya juu, mpaka Tabia akatokea mlangoni pa chumba chetu, ameshika fremu kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili. Hakuvuka kizingiti.

"Mume wangu," alisema, "mtoto huyu leo anapewa jina. Usimpe na la yatima."

Nikaenda peke yangu, mikono mitupu, kama Mme Malineo alivyoagiza. Watu wawili ni ujumbe, watatu ni vita. Ule uchochoro sikuwahi kuuona mrefu namna ile. Matofali yangu mwenyewe yalikuwa yametapakaa chini, nikayapita nikijua ni lipi lilimpata nani.

Bra Solly alikuwa kwenye ua wa nyumba ya mbele, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alivaa ndala mpya. Nilijilazimisha nisitazame miguu yake, na macho yangu hayakutaka kitu kingine. Vijana wake walisimama ukutani, mmoja mkono umefungwa kwa shati. Mbuzi wangu wamefungwa kwenye bomba. Geti likafungwa nyuma yangu, nikausikia mnyororo.

Pembeni alisimama Firmin, Mkongo wa Goma aliyekuwa akimlindia Bra Solly magari, mtu tuliyesalimiana kila siku. Hakunisalimia.

Nilipiga magoti. Ninaliandika hilo upesi ili nilimalize. Nikasema kwa Kizulu changu cha kubabaisha kwamba nimetumwa na ua wa Mme Malineo kusema tumepata adhabu. Tumepigwa, mbuzi wetu wamechukuliwa, na hao walikuwa wa sherehe ya mtoto, kwa hiyo adhabu imefika mpaka ndani. Tunaomba iishie hapo.

Mmoja wa vijana alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake anayecheka, akaacha.

"Eish, mfana," yaani kijana, alisema Bra Solly taratibu. "Naambiwa kuna wimbo."

Nilisema ndiyo, upo.

"Uimbe. Firmin atanieleza."

Firmin alikuwa ameusikia kama mtaa mzima ulivyousikia. Nilifungua mdomo bila kujua kitakachotoka, na ilitoka ile sauti ya asubuhi, lakini kwa maneno haya:

*Solly alikuja kwetu, tukatiwa adabuni,*
*Mbuzi wetu kachukua, sisi tumo uvunguni.*

Firmin akanitazama. Niliona hesabu ikipita usoni pake: akisema kweli atapata nini, akisema uongo atapoteza nini. Firmin akakohoa, akageuka kwa bosi wake, akatafsiri nilichoimba, neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. Kijana mwenye mkono uliovunjika aliuliza mbona watu walicheka basi. Firmin akamjibu kwamba watu walimcheka huyu hapa, aliyejificha uvunguni.

Bra Solly alitikisa kichwa polepole. "Basi mwisho wa mwezi mtanilipa mimi."

Hilo ndilo Mme Malineo aliloniambia litakuja.

"Mkubwa," nilisema, "mwenye kulipa ni ambaye hajaadhibiwa bado. Wewe umeshamaliza na sisi. Ukirudi kudai, barabara itasema asubuhi ya leo hukupata kitu."

Mtu mmoja ukutani alisogea. Nilifikiri, ndiyo hivi, ndivyo inavyokuwa, mchana kweupe, na Tabia atasikia kutoka kule nyuma. Bra Solly aliinua kidole na yule mtu akasimama.

"Wachinje hao mbuzi," aliwaambia vijana. Kisha kwangu: "Na wewe utakula nami. Mtu aliyepigwa hula na aliyempiga, ndipo nijue yameisha."

Hapo niliogopa upya, hofu ya aina nyingine. Nikila nyama isiyochinjwa kihalali nimevunja dini yangu. Nikikataa nimemtukana uani pake. Nikasema, "Mkubwa, niruhusu nichinje mimi. Aliyepigwa ndiye atumike."

Akafikiri. Akaamuru nipewe kisu.

Kilipoingia mkononi mwangu, ua wote ulirudi nyuma hatua moja. Firmin pia. Ndipo nilipoona kwamba nao wananiogopa, kwamba asubuhi ile wamejifunza kitu juu yetu, na kwamba woga wao ndio hatari kubwa kuliko hasira zao. Nikasogea polepole, mikono ikionekana. Nikamlaza mbuzi wa kwanza kumwelekeza kibla. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, wazi, na moyoni nikanuia kwamba hii ni akika ya mwanangu Ahmad, jina ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Kisha wa pili. Akika ni ya kugawiwa majirani. Hakuna kitabu kinachosema majirani wawe wema.

Nilikula mnofu mmoja, nusu mbichi. Bra Solly alikula akanyanyuka, akaenda getini, akafungua mnyororo kwa mkono wake, akasimama barabarani ambako watu walikuwa wamejazana kusubiri kuona kama nitatoka. Aliwaambia kwamba watu wa ule ua wa nyuma walimkosea heshima, amewapiga, amechukua mifugo yao, wamekuja kupiga magoti, naye ni mtu mwenye moyo, amewasamehe. Hana haja nao tena.

Mama mmoja Mtanzania, muuza vitenge, ambaye asubuhi nilimwona akipiga makofi, aliniuliza kwa Kiswahili, mbele ya wote, kama ni kweli.

Damu ya mbuzi ilikuwa inakauka mikononi. Kila kitu ndani yangu kilisimama kujibu.

"Ni kweli," nilisema. "Ametupiga."

Akanitazama kwa dharau ambayo mpaka leo nikipita kibandani pake naiona. Nikarudi kupitia uchochoro bila kukimbia, masikio yangu yote mgongoni.

Nilidhani yameisha. Mme Malineo alikuwa amekwisha kuwaita wale vijana, akataka pikapu iondolewe na matofali yafagiliwe. Watu waliopigwa hawana ngome, alisema. Akataka na geti liachwe wazi.

"Wazi kabisa?" aliuliza Papa Pitchou.

"Wazi."

Tukaisukuma pikapu. Uchochoro ukawa mweupe mpaka barabarani, hakuna hata ungo wa kumzuia mtu. Tukaketi uani, tukisikia vicheko kule mbele na mafuta yakidondokea makaa. Tabia alikuwa nyuma ya pazia na mtoto kifuani. Kila kicheko kilipokatika, tuliacha kupumua mpaka kingine kianze.

Kisha kicheko kikakatika na hakikuanza. Viatu vikaingia uchochoroni, vya mtu mmoja. Papa Pitchou alifumba macho. Mimi nikasimama kati ya uchochoro na mlango wangu, mikono mitupu.

Alikuwa yule kijana mwenye mkono uliofungwa kwa shati. Alisimama pale pikapu ilipokuwa, akatazama juu ya bati, akatazama tulipoketi, akatazama tena juu ya bati. Hakuvuka.

"Bra Solly anauliza," alisema, "kama mna chumvi."

Mme Malineo akanyanyuka, magoti yakimlia, akaingia jikoni kuitafuta.